Tangazo la kumtafuta mtunzaji wa mgonjwa lieleze kazi ilivyo

Mapema mwaka huu nilimtembelea nyumbani mzee mmoja aliyepatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na hakuweza kujigeuza kitandani. Nilipomfunua mgongo nilikuta kidonda juu ya makalio, kimechimbika hadi nyama ikaonekana.

Msichana aliyeajiriwa kumtunza alikuwa jikoni akipika chakula cha watu saba. Nilimuuliza humgeuza mgonjwa mara ngapi kwa siku. Alinitazama kwa mshangao.

“Daktari, mimi niliambiwa ni kazi za nyumba, na mzee wa kuangaliwa,” akasema.

Sikumlaumu. Binti ya mzee alinionyesha tangazo walilosambaza kwa simu: “Anatakiwa msichana mchapa kazi, mwaminifu, mwenye uzoefu. Mshahara mzuri.” Hakukuwa na neno hata moja kuhusu kiharusi, nepi wala kukesha. Huyo alikuwa msichana wa tatu. Wawili wa kwanza walitoroka kabla ya mwezi kwisha.

Familia nyingi hufanya kosa hili. Huogopa kwamba kazi ikitajwa ilivyo, hakuna atakayekuja. Lakini mficha maradhi, kifo humfichua. Anayekuja bila kujua hutoroka mara tu anapouona ugumu wa kazi. Naye aliyewahi kumuuguza mzazi wake hulipita tangazo kama hilo, kwa kuwa halimwambii kwamba yeye ndiye anayetafutwa.

Anza na mgonjwa

Kabla ya kuandika tangazo, kaa na mgonjwa mchana na usiku mmoja ukiwa na kalamu. Andika kila anachofanyiwa, na saa yake.

Asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, hata usiku. Uzito wa mwili hubana mishipa midogo ya damu, ngozi ikakosa damu na hatimaye ikafa. Vidonda huanzia makalioni, kwenye nyonga na visigino. Isitoshe, aliyepata kiharusi hupaliwa upesi. Yafaa alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, maana chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Kisha kuna kuoshwa, kunyooshwa viungo na dawa za kila siku.

Orodha ikikamilika utagundua mambo mawili. Kwanza, kazi hii pekee yamtosha mtu. Kuipikia na kuifulia nyumba nzima ni kazi nyingine. Pili, mtu mmoja hawezi kuifanya mchana na usiku. Amueni mapema nani atashika zamu ya usiku.

Taja yanayohitajika tu

Kila mtu atakuambia yeye ni mwaminifu na mchapa kazi. Jiulize mtu huyu ni lazima aweze nini: kumwinua mgonjwa akisaidiwa, kusoma maandishi ya dawa, kupiga simu mambo yakiharibika. Usidai cheti cha uuguzi ikiwa kazi ni kulisha, kuosha na kugeuza. Lakini ikiwa mgonjwa analishwa kwa mpira wa puani au anahitaji kufungwa vidonda vikubwa, tafuta muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na ukague leseni yake.

Wengine hutaja kabila wanalotaka, au hudai mtu apimwe Ukimwi kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa kabila na wa hali ya virusi. Nayo sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe ndipo apewe kazi.

“Mshahara mzuri” ni kiasi gani?

Andika kiasi chenyewe, saa za kazi na siku ya mapumziko. Sheria inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi huhitaji mkataba wa maandishi unaoeleza kazi yenyewe. Kwa hivyo tangazo zuri ni nusu ya mkataba.

Nilikaa na familia ile tukaandika hivi:

“Tunatafuta mtu wa kumtunza mzee aliyepooza upande mmoja. Kazi ni kumgeuza kila saa mbili, kumlisha, kumwosha, kumbadilisha nepi na kumpa dawa. Saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Usiku jamaa watashika zamu. Hakuna kuipikia wala kuifulia familia. Jumapili ni mapumziko. Aliyewahi kumuuguza mtu nyumbani anakaribishwa. Tutamfundisha kumwinua mgonjwa.”

Chini yake wakaandika mshahara, shilingi kwa shilingi.

Walikuja watu wanne. Aliyeajiriwa ni mama wa makamo aliyemuuguza mamake kwa miaka miwili. Swali lake la kwanza halikuhusu pesa. Aliuliza, “Mara ya mwisho amegeuzwa saa ngapi?”

Msichana wa awali alibaki na kazi za nyumba alizoziombea. Nacho kidonda cha mzee, nilipokitazama mara ya mwisho, kilikuwa kimeanza kufunga.