Pikipiki Ikikataa Kuwaka, Usikimbilie Kununua Betri



Siku hizi karafuu mbichi nyingi hutoka shambani kwa pikipiki. Chombo hiki kikikataa kuwaka jioni, hasara si ya chombo peke yake. Karafuu zikilala zimerundikwa ndani ya gunia hupata joto, rangi yake huharibika, na daraja lake hushuka. Kwa hiyo yafaa kila mwenye pikipiki ajue kutafuta kosa la umeme.

Wengi wetu, taa zikififia au stata ikishindwa kuzungusha injini, husema mara moja, "Betri imekufa," tukanunua mpya. Baada ya wiki chache nayo hufa vile vile, kwa kuwa ugonjwa haukuwa wa betri. Basi fuata mpango huu, hatua kwa hatua.

Kwanza, tazama kwa macho. Zima ufunguo, kisha shika vichwa vya betri. Vikicheza, vikaze. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Sugua kwa brashi na maji yenye magadi kidogo, wala yasiingie ndani ya betri. Vikikauka, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, upake grisi. Hewa yetu ya chumvi hula waya upesi. Ufuate na waya wa hasi mpaka pale ulipofungwa kwenye chesi, maana hapo kutu hujificha.

Pili, tazama fyuzi. Iliyokatika, tia nyingine ya nambari ile ile. Usitie karatasi ya sigara wala kipande cha waya: fyuzi hukatika ili pikipiki isiungue. Ikikatika tena, yumkini kuna waya uliochunika unaogusa chuma. Tafuta chini ya tangi na penye shingo ya usukani, ambapo waya hukunjwa kila unapopinda.

Tatu, pima betri kwa mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa chache, huonyesha 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 12.4, ichajiwe kwanza. Ikiwa imejaa, lakini ukibonyeza stata yaanguka chini ya 9.5, hapo ndipo betri yenyewe imechoka.

Nne, pima chaji. Washa injini kwa stata au kwa kiki, uongeze mwendo wa injini. Mita yapasa ionyeshe baina ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri hailishwi: tazama soketi ya waya zitokazo kwenye injini kwenda kwenye reguleta. Ikiwa plastiki yake imeungua, kosa umeliona. Mita ikipita 15, reguleta haizuii tena, nayo itachemsha betri mpya kama ilivyochemsha ile ya zamani. Kazi hii mpelekee fundi, lakini sasa utakwenda ukijua la kumwambia.

Tahadhari: usivute sigara karibu na betri inayochajiwa, kwani hewa itokayo humo hulipuka.

Mambo haya yafanywe kabla ya msimu, si siku ambayo gunia limekwisha fungwa na mvua yakaribia.