Kuchambua Maoni ya Watazamaji wa Filamu ya Kutisha: Mfano wa "The Wicker Man"

Mwalimu wa Kiswahili anapowataka wanafunzi watoe maoni juu ya hadithi au filamu, aghalabu hupata jibu fupi: "Imenifurahisha," au "Imenitisha." Mjadala huishia hapo. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi jibu hilo linavyoweza kuendelezwa hadi likawa hoja. Mfano tutakaoutumia ni filamu ya Kiingereza ambayo watazamaji wake hawajaafikiana tangu ilipotolewa mwaka 1973.

Filamu hiyo iliongozwa na Robin Hardy na kuandikwa na Anthony Shaffer. Ilipigwa huko Scotland kwa gharama isiyofikia pauni 500,000, na mwigizaji mashuhuri Christopher Lee alikubali kuigiza bila malipo. Hadithi yake ni ya majira ya kuchipua, lakini ilipigwa mwishoni mwa mwaka 1972, baridi ikikaribia, hata ikabidi maua ya bandia yafungwe mitini. Sajini Howie, polisi Mkristo mwenye msimamo mkali, anafika katika kisiwa cha Summerisle kumtafuta msichana aliyepotea. Anakuta wakazi wanaofuata miungu ya kale, na ambao mavuno yao ya matunda yalikuwa yameharibika mwaka uliotangulia. Mwishowe anagundua kwamba msichana ni chambo tu: kafara ni yeye mwenyewe. Anachomwa moto ndani ya sanamu kubwa iliyosukwa kwa fito, huku wanakijiji wakiimba.

Mwanzoni filamu ilikatwa ikabaki na dakika 87 hivi, ikaonyeshwa kama nyongeza ya filamu nyingine. Miaka michache baadaye, mwaka 1977, jarida moja la Marekani liliifananisha na kilele cha sanaa ya sinema katika aina yake. Hata leo watazamaji wamegawanyika. Wako wanaomwona Howie kuwa shahidi wa imani, na wako wanaomwona kuwa mtu wa majivuno aliyenaswa na ukaidi wake. Wengine hulalamika kwamba filamu yenye nyimbo nyingi na jua la mchana haitishi. Wengine hujibu kwamba kinachotisha ni hicho hasa, yaani watu wema na wachangamfu kutenda jambo ovu.

Je, mwanafunzi wa Daudi, wilayani Mbulu, atasimama upande gani? Huyu amekulia miongoni mwa wakulima. Huenda amewasikia wazee wa Kiiraqw wakitaja masay, tambiko la kuitakasa na kuilinda nchi, au wakisimulia habari za Looaa na za neetlaamee wa kwenye maji. Kwake yeye, jamii inayokutana kuiombea ardhi si kioja. Kwa hiyo huenda asishtuke pale Mwingereza anaposhtuka, na akashtuka mahali pengine: mgeni kuuawa na wenyeji wake. Mwalimu asiyasahihishe maoni hayo. Ayatumie kuonyesha kwamba kila mtazamaji huja na kwao.

Ili mjadala usiwe kelele, yafaa ubao ugawanywe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni "Nilichokiona": hapa huandikwa matukio tu. Ya pili ni "Nilichokihisi": hofu, huruma, hasira. Ya tatu ni "Ninavyoamua, na kwa sababu gani." Sentensi yoyote ya sehemu ya tatu isiyoweza kuonyeshwa asili yake katika sehemu ya kwanza irudishwe kwa mwenyewe aifikirie upya.

Kisha mwalimu aulize swali lililo kiini cha filamu: Kwa nini mavuno yaliharibika? Wanakisiwa husema miungu imekasirika. Howie, akiwa karibu kufa, huwaambia kwamba matunda yale hayakufaa kwa nchi ile. Na kwamba yakiharibika tena, mwaka ujao watamtaka mtawala wao mwenyewe awe kafara. Mtoto wa mkulima anao ujuzi wa kulijibu swali hili kwa habari za mbegu, udongo na mvua.

Uzito wa somo umo hapa. Katika nchi yetu, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na watu wenye ualbino wameuawa kwa tamaa ya utajiri. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo. Wauaji wa Summerisle nao walikuwa na msiba wa kweli, lakini walikubali sababu ya uongo, na hapakuwa na mtu aliyezoea kuuliza, "Umejuaje?"

Tahadhari moja inafaa. Filamu hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na ina picha za utupu. Isionyeshwe kwa watoto. Wanachuo wanaweza kuitazama wakiwa na mkufunzi wao. Shuleni, mwalimu na aisimulie kwa mdomo, akiacha yasiyofaa. Kazi hiyo haihitaji umeme wala mashine. Inahitaji ubao, chaki, na mwalimu asiyeridhika na jibu la "Imenitisha" mpaka aelezwe ni nini kilichotisha, na kwa nini.