Ukuta Mkongwe wa Bafu Ukaguliwe Kabla ya Kuwekwa Marumaru

Wakazi wa Nassa, wilayani Busega, wanaokarabati mabafu ya nyumba za zamani hupenda kuweka marumaru ukutani kwa kuwa husafishika kwa urahisi. Fedha nyingi hutumika kununua marumaru zenyewe, na ukuta hausemwi. Lakini marumaru hushikwa na plasta. Plasta iliyoachana na tofali huanguka pamoja na marumaru zake, pengine juu ya mtoto anayeoga.

Yafaa fundi augonge ukuta wote taratibu, kuanzia sakafuni, kwa kifundo cha kidole au mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu, plasta imekwisha kuachana na tofali, nayo ibomolewe mpaka kufikia iliyo imara. Kuziba nyufa kwa juu hakusaidii kitu. Plasta inayopukutika inapokwaruzwa kwa msumari, aghalabu kwa sababu saruji ilipunjwa au mchanga ulichanganyika na udongo, itolewe pia.

Plasta iliyo nzima huenda bado isifae. Chokaa isuguliwe kwa brashi ya waya hadi iishe. Rangi ya mafuta na niru ni laini mno. Maji yakirushwa hapo hutiririka bila kunywewa. Rangi hiyo iondolewe, na niru ichongwe kwa tindo vishimo vidogo vilivyokaribiana, kisha vumbi lioshwe. Palipopakwa jasi pakwanguliwe, kwa maana saruji na jasi zikikutana kwenye unyevu huachana.

Plasta mpya ichanganywe saruji kipimo 1 kwa mchanga safi vipimo 4, juu ya tofali lililoloanishwa. Imwagiliwe kwa siku 7, kisha iachwe ikauke. Miezi mikavu ya Juni hadi Septemba ndiyo yenye nafuu kwa kazi hii. Mabomba yanayopita ukutani yajazwe maji na kuangaliwa kwa siku nzima kabla ya kufunikwa. Kubomoa marumaru mpya kwa ajili ya kiungo kinachovuja ni hasara mara mbili.

Nyumba za matofali mabichi zina hatari yake. Maji hupenya polepole katika maungio ya marumaru, na tofali bichi likilowa hurudi kuwa tope. Marumaru huficha hali hiyo. Ukuta huonekana safi huku chini ukilainika, na mwenye nyumba hutambua umekwisha kupinda. Katika nyumba ya namna hiyo, ni salama zaidi bafu lijengwe kando, kwa matofali ya kuchoma au ya saruji.

Fedha isipotosha vyote viwili, plasta ndiyo itangulie. Ukuta uliopigwa plasta nzuri na niru huoshwa vizuri tu, na marumaru zinaweza kusubiri mavuno mengine. Siku hiyo ikifika, niru ichongwe kama ilivyoelezwa.