Kuchangia Watoto Waliotoka Mitaani: Yapasayo Kuhakikiwa

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Uingereza huchangishana fedha kwa ajili ya watoto wa Kenya na Tanzania waliowahi kulala mitaani, ambao sasa wamepata malazi, shule au familia. Michango hiyo hukusanywa misikitini na makanisani, harusini, katika makundi ya WhatsApp na katika kurasa za mtandaoni. Nia huwa njema. Hata hivyo, mtoaji yuko mbali na mpokeaji, na umbali huo ndio unaolazimisha uhakiki. Maelezo yafuatayo yanamhusu mchangiaji aliye England au Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sajili zao.

Nani anazishika fedha?

Kwa mujibu wa Sheria ya Mashirika ya Hisani ya mwaka 2011, shirika la hisani ambalo mapato yake yanazidi pauni 5,000 kwa mwaka hutakiwa kusajiliwa na Charity Commission, isipokuwa yale yaliyosamehewa. Sajili hiyo iko wazi kwa umma bila malipo, nayo huonyesha wadhamini wa shirika pamoja na mapato na matumizi yake. Tafuta kwa namba ya usajili, kwa kuwa majina ya mashirika hufanana.

Shirika dogo lisilosajiliwa si lazima liwe la udanganyifu. Nalo pia, likiombwa kwa maandishi, lina wajibu wa kutoa nakala ya hesabu zake za karibuni ndani ya miezi 2, ingawa laweza kutoza gharama ya kiasi. Tukumbuke vilevile kwamba usajili huonyesha tu kuwa shirika liko chini ya sheria. Hauthibitishi kuwa watoto wanatunzwa vyema.

Fedha zinamfanyia nini mtoto?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Makao yanayofadhiliwa kwa hesabu ya vichwa yana sababu ya kutaka vitanda vijae. Mtoto ambaye angeweza kurudi kwa bibi au shangazi yake anaweza kubakizwa kwa kuwa kitanda chake ndicho kinacholeta fedha. Mchango uliokusudiwa kumwokoa huwa ndio unaomtenga na ndugu zake.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, ulioidhinishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, unasema kuwa umaskini pekee usiwe sababu ya kumtenganisha mtoto na wazazi wake. Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wake wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unalenga kuwahamisha watoto kutoka katika taasisi kwenda katika familia na jamii. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayataka makao ya watoto yawe na leseni.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa, uliza:

1. Je, makao yana leseni au usajili halali katika nchi yalipo?
2. Ni watoto wangapi waliorejeshwa kwa ndugu zao mwaka uliopita, na ni nani aliyewatembelea baadaye?
3. Ni kiasi gani cha fedha kinachoifikia familia yenyewe, kwa mfano kama sare za shule, matibabu au mtaji mdogo wa mama?
4. Kijana anapotimiza miaka 18, anaondoka na nini?

Usitarajie majibu yasiyo na dosari. Baadhi ya watoto hurudi mitaani baada ya kupelekwa nyumbani, na kazi ya kuwarejesha huanza upya. Shirika linaloeleza jambo hilo waziwazi linastahili kuaminiwa kuliko linalodai kufanikiwa kwa kila mtoto.

Picha ya mtoto si risiti

Picha haithibitishi kuwa fedha zimefika, na picha moja yaweza kutumwa kwa wafadhili kadhaa. Isitoshe, mtoto wa leo kesho atakuwa mtu mzima anayetafuta kazi au mchumba, na picha inayomtangaza kuwa aliokotwa mtaani itakuwa bado ipo. Usisambaze sura, jina na historia yake. Shirika makini halimpi mfadhili namba ya simu ya mtoto wala anwani ya anapoishi.

Ukichangisha wewe mwenyewe

Andika lengo la mchango kwa maneno bayana, kwa kuwa fedha zilizotolewa kwa lengo maalumu sharti zitumike kwa lengo hilo. Eleza tangu mwanzo zitakavyotumika endapo zitapungua au kuzidi. Usizipitishe katika akaunti yako binafsi. Ni salama zaidi wachangiaji walipe moja kwa moja kwa shirika.

Ukikusanya barabarani, omba kibali cha halmashauri, au cha Metropolitan Police kwa sehemu kubwa ya London. Ndani ya duka au ukumbi, pata ruhusa ya mwenye mahali. Ndoo za michango zifungwe kwa lakiri, na zihesabiwe na watu wawili wasio na undugu.

Mpango wa Gift Aid huliongezea shirika linalostahiki peni 25 kwa kila pauni 1, mradi mtoaji amelipa kodi ya kutosha Uingereza. Fedha anazopewa mtu binafsi hazina nyongeza hiyo.

Ukiwa na shaka

Usikubali kuharakishwa kwa maneno kama "tuma leo, la sivyo mtoto atafukuzwa." Malalamiko kuhusu namna ya kuchangisha hupelekwa kwanza kwa shirika lenyewe, kisha kwa Fundraising Regulator, yahusuyo uendeshaji wa shirika hupelekwa Charity Commission. Ukihisi umeibiwa, iarifu benki yako mara moja, kisha polisi.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako, wakimwonya mtu asisubiri shukrani. Katika jambo hili tunamshauri mchangiaji asisubiri shukrani, lakini asiende zake: baada ya mwaka mmoja arudi na maswali yale manne.