Uliyempeleka, mrudishe: mjomba na mpwa mbele ya mchezo wa safari za anga

Dada yangu hanipigii simu alfajiri pasipo jambo. Siku hiyo nilikuwa ndio kwanza nimetoka msikitini, sijashika hata jembe. "Kaka," alisema, "mwanao anakuja kwako likizo hii. Anakuja na kompyuta yake. Usiku halali, sala anachelewesha, kisa mchezo. Mwangalie. Ukiona haifai, ichukue."

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba si jepesi. Dada hakuwa akiniomba ushauri. Alikuwa amenikabidhi hukumu.

Kijana alishuka basi la kutoka Morogoro mjini, lililopita Mkuyuni hadi kwetu Matombo. Ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Alinipa shikamoo, akasalimia wazee barazani, akaweka begi chini kwa uangalifu mkubwa. Ndani yake, katikati ya madaftari, ilikuwamo kompyuta mpakato ya mtumba. Baada ya Isha aliifungua. Nikavuta kiti nikakaa kando yake, nikitarajia kuona bunduki na damu.

Nilichokiona ni roketi iliyosimama wima, na pembeni yake safu za tarakimu.

Mchezo wenyewe unaitwa Kerbal Space Program. Uliundwa na kampuni ya Squad ya nchini Mexico, ukatolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2011, na toleo lake kamili likatoka mwaka 2015. Mchezaji hupewa vipande: matangi ya mafuta, injini, mabawa, miavuli na chumba cha wanaanga. Huviunganisha apendavyo, kisha hurusha alichokiunda. Wanaanga ni viumbe vya kubuni, vifupi, vya kijani, vyenye vichwa vikubwa. Wanaishi katika dunia iitwayo Kerbin, ambayo nusu kipenyo chake ni kilometa 600, wakati ile ya Dunia yetu ni kilometa 6,371. Mwezi wao mkubwa unaitwa Mun. Viumbe ni vya mzaha, lakini kanuni za mwendo si za mzaha. Chombo kisichofikia kasi ya takriban meta 2,300 kwa sekunde hakiwezi kubaki angani kuizunguka Kerbin. Kitaanguka, na mchezo hautakuonea huruma.

"Mjomba," kijana aliniambia, "nina mtu amekwama."

Alikuwa amempeleka mwanaanga mmoja Mun. Huko hakuna hewa, kwa hiyo mwavuli haufai kitu; chombo hushuka kwa kuwasha injini dhidi ya mwendo wake. Alishuka vyema hadi meta za mwisho, lakini chini palikuwa na mteremko. Chombo chake kilikuwa kirefu na chembamba. Mguu mmoja uligusa kabla ya mingine, kikapinduka, injini ikavunjika. Mwanaanga alitoka mzima, akasimama kando ya mabaki. Alikuwa amesimama pale siku kumi na moja.

Nilimuuliza swali ambalo mtu mzima yeyote angeliuliza. "Si ufute, uanze upya?"

Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la aibu. "Mimi ndiye niliyempeleka, mjomba."

Nilifundisha jiografia katika shule ya msingi kwa miaka mingi, na nimesikia watoto wakitoa sababu za kila namna. Hiyo sikuwa nimeitarajia. Tangu hapo niliacha kuitazama kompyuta, nikaanza kumtazama yeye.

Mchezo huu una safari kubwa za kujivunia. Iko sayari iitwayo Eve, yenye uvutano unaozidi wa Kerbin kwa karibu mara moja na robo tatu, na hewa nzito mara tano. Kushuka huko ni rahisi, kuondoka ndiko kuna kazi, na wengi wameshindwa. Iko Jool, sayari kubwa yenye miezi mitano, na wapo wachezaji waliojiwekea sharti la kutua katika yote mitano kwa safari moja na kurudi nyumbani. Hayo ni mambo ya mabingwa. Lakini mpwa wangu alinieleza kwamba kisa asichokisahau mchezaji, mara nyingi ni kile cha kwenda kumwokoa mtu. Akanisimulia kile maarufu cha chombo kuishiwa mafuta kikiwa karibu kabisa na kurudi. Mwanaanga hutoka nje, huweka kichwa chake nyuma ya chombo, na kukisukuma kwa kifaa kidogo cha kurukia alichokivaa mgongoni. Kikiisha nguvu, huingia ndani kukijaza, kisha hutoka tena. Kidogo kidogo, pengine kwa kurudia mara nyingi, chombo kizima hufikishwa nyumbani kwa kusukumwa na mtu mmoja.

Yeye mwenyewe alikwishajaribu uokozi mara tatu. Mara ya kwanza alituma rubani katika chombo chenye kiti kimoja. Alipotua kando ya aliyekwama ndipo alipogundua kwamba hana pa kumweka. Mara ya pili mafuta yaliisha njiani, nusura awe na watu wawili wa kuokoa. Mara ya tatu alitua salama, lakini mbali mno na mtu wake. Kila kosa alikuwa ameliandika katika daftari la hisabati, na kando yake mahesabu ya jaribio lijalo.

Hilo la mafuta nilitaka alielewe vizuri. Nikamwambia amfikirie mpagazi anayepanda Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani. Safari ikiwa ndefu, atabeba na chakula chake mwenyewe. Ikirefuka zaidi, chakula kinaongezeka uzito, na uzito ule unamfanya ahitaji chakula zaidi. Roketi ni mpagazi wa namna hiyo, kwani sehemu kubwa ya mafuta yake hutumika kubeba mafuta mengine. Kanuni yake ilichapishwa mwaka 1903 na Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi, mwalimu wa shule aliyekuwa na uziwi tangu utotoni. Kijana alicheka aliposikia kuwa alikuwa mwalimu wa shule. Lakini kesho yake alipunguza uzito wa chombo chake badala ya kuongeza tangi.

Usiku mwingine aliniuliza kwa nini kila roketi katika mchezo ule hurushwa kuelekea mashariki, na kutoka kituo kilicho karibu kabisa na ikweta. Jibu nililijua, na tena la karibu na kwetu. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na penye ikweta kasi ya mzunguko huo ni karibu kilometa 1,670 kwa saa. Anayerusha hapo huipata kasi hiyo bila kulipia mafuta. Ndiyo maana Waitaliano walikuja kujenga jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi, pungufu kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani, ya kwanza kuundwa kwa kazi hiyo. Iliitwa Uhuru. Mpwa wangu hakuamini kwamba jina la Kiswahili lilikwenda angani kutoka pwani yetu hii kabla mama yake hajazaliwa.

Lililomsumbua kuliko yote ni kukutanisha vyombo viwili angani. Alikuwa na chombo cha mafuta kilichotangulia, na alipokielekea na kukoleza injini, kilizidi kwenda mbali. Aliona mchezo una kasoro, nami nikamwambia hauna. Mwezi Juni mwaka 1965, rubani James McDivitt wa chombo cha Gemini 4 alijaribu kuikaribia sehemu ya roketi yake mwenyewe iliyokuwa ikielea mbele yake. Aliielekea, akawasha injini, ikamponyoka, hadi akaamriwa kuacha ili asimalize mafuta. Angani, anayeongeza mwendo hupanda juu, na aliye juu huzunguka polepole zaidi. Anayetaka kumfikia aliye mbele hupunguza mwendo kwanza, ashuke chini, azunguke upesi, kisha ndipo apande kukutana naye. Desemba ya mwaka uleule, Gemini 6 na Gemini 7 vilikutana kwa hesabu ya namna hiyo. Wazee wetu waliposema haraka haraka haina baraka hawakuwa wakizungumzia roketi, lakini usemi umesimama hata huko.

Sasa niseme na upande wa pili, kwa kuwa dada yangu hakumsingizia mwanawe. Siku ya tatu niliona Alasiri ikimpita hadi jua likakaribia kuzama, naye macho kwenye kioo. Sikumfokea. Nilimweleza habari za Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, Mwislamu wa kwanza kufika anga za juu, aliyeruka na chombo cha Discovery tarehe 17 Juni 1985, Ramadhani ikimalizika. Nikamweleza pia habari za daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, aliyekwenda katika Kituo cha Kimataifa cha Anga Oktoba 2007, nao ukiwa mwezi wa Ramadhani. Kituo kile huizunguka Dunia kwa takriban dakika 90, jua likichomoza na kuzama mara kumi na sita kwa siku. Wanazuoni wa Malaysia walikaa wakamwandalia mwongozo: nyakati za sala zifuate mahali aliporukia, na kibla akielekee kwa kadiri ya uwezo wake. "Yeye alikuwa kwenye roketi ya kweli," nilimwambia, "na sala hakuiweka kando." Aliinamisha kichwa. Akainuka kutawadha.

Jioni ya mwisho ya likizo ndipo jaribio lake la nne lilipofika tamati. Safari hii chombo hakikuwa na rubani. Kiliongozwa na kompyuta yake, kiti kikiwa tupu, miguu ikiwa imetanuliwa kwa ajili ya mteremko. Kilitua kilometa mbili kutoka kwa mwanaanga. Akatembea, akapanda. Wakaondoka Mun mafuta yakiwa yamebaki kidogo sana. Kibanda kilikuwa kinaingia katika hewa ya Kerbin, moto umekizunguka, mwavuli haujafunguliwa, wakati adhana ya Maghribi iliposikika.

Kijana alinitazama. Sikusema neno. Akabonyeza kitufe, kila kitu kikasimama pale pale, moto na vyote, naye akachukua kofia yake.

Tulipotoka msikitini giza lilikuwa limeshika milima. Uluguru iko magharibi yetu, kwa hiyo mwezi mwandamo unapokuwa chini, sisi wa Matombo hauturuhusu kuuona. Husubiri kilele, nasi husubiri redio. Njiani alinieleza mwenyewe, kwa mikono yake miwili, kwa nini mwezi mchanga hulifuata jua kwa karibu na kuzama upesi. Miaka yote niliyofundisha somo hilo ubaoni, sikuwahi kulisikia likielezwa vizuri hivyo na mtoto.

Tuliporudi alibonyeza kitufe. Moto ukazimika, mwavuli ukafunguka, kibanda kikashuka taratibu hadi baharini. Hakupiga kelele. Alifungua daftari, akapiga mstari chini ya ukurasa.

Wazazi wenzangu, sisemi kila mchezo ni shule. Mingi haina kheri, na hata huu ukiachwa bila mipaka utakula usingizi na masomo ya mtoto. Ninachosema ni kwamba hukumu ya simu isingetosha. Ilinibidi nikae kwenye kiti kile, niulize, nisikie. Na nilipokaa, nilimkuta kijana anayejua kwamba amana haifutwi kwa kuwa imekuwa ngumu.

Usiku huo nilimpigia dada. "Umeichukua?" aliuliza.

"Sijaichukua," nikamjibu. Nikampa masharti tuliyokubaliana, mimi na mwanawe: adhana ikisikika mchezo unasimama, saa nne usiku kompyuta inalala chumbani kwa mama, na kila Jumamosi anamweleza mama yake alichokosea wiki hiyo na alichojifunza, naye mama asikilize.

Dada alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na huyo mtu wake aliyekwama, amefika?"

Nikamwambia amefika salama, alhamdulillah.