Habari za Tabora Tumezipokea kwa Nani?

Wanazuoni wa Hadithi walituachia kanuni yenye manufaa hata nje ya darasa la dini: kabla ya kuipokea habari, mtazame aliyeileta, na aliyempa yeye. Ndugu msomaji, kanuni hiyo yaihusu Tabora, kwani habari zake nyingi zimetufikia kwa kalamu za wageni.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Tabora akimtafuta David Livingstone. Alikuwa mwandishi aliyetumwa na gazeti la New York Herald, na gazeti lilitaka kisa cha kuwavutia wasomaji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1872, na mwaka 1939 kisa hicho kikafanywa filamu huko Marekani. Katika masimulizi ya namna hiyo, mji uliokuwa na watemi wa Unyanyembe, wafanyabiashara na wapagazi hugeuka kituo tu cha njiani kwa Wazungu wawili. Hata tembe la Kwihara hujulikana kwa jina la Livingstone, aliyekaa humo miezi michache tu mwaka 1872.

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wauzike hapo hapo. Walikataa, wakaufikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874. Uamuzi ulikuwa wao, lakini ni watoto wangapi wayajuao majina yao?

Yuko aliyejisimulia mwenyewe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Humo twaisikia njia ya misafara kwa lugha yetu. Hata hivyo, insafu yatutaka tusiishie hapo. Yeye asimulia biashara ya pembe na vita kwa jicho la mshindi. Waliotekwa hawakupewa kalamu.

Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 135, yatuamrisha kutoa ushahidi kwa uadilifu, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Basi anayeuficha utumwa kwa kudhani anailinda heshima ya wazee wetu, hailindi. Na anayewaita wapagazi wote wa Kinyamwezi watumwa, ilhali wengi wao walikuwa watu huru waliolipwa ujira, naye awadhulumu.

Enyi wazazi, mtoto akitazama filamu au akisoma kisa katika simu, muulizeni: ni nani anayesimulia, na ni nani aliyenyimwa sauti? Kisha mketisheni kwa babu na bibi, asikie habari za kwao, tamu na chungu, na aziandike. Asiyejisimulia husimuliwa, na asimuliwaye na wengine huishia kujitazama kwa macho yao.