Moshi wa Tairi ni Fedha Ziunguazo



Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zisizopita 250 cc, na tangu hapo chombo hiki kimeingia katika mashamba mengi. Hapa Ndanai pikipiki hupeleka maziwa, mbolea, na hata mgonjwa.

Lakini vijana wengine wana mchezo. Hubana breki ya mbele, huvuta mafuta kwa nguvu na kuachia klachi, gurudumu la nyuma likazunguka papo hapo mpaka tairi litoe moshi. Je, mchezo huo huharibu pikipiki, au ni kelele tu? Huiharibu, wala si tairi peke yake.

Kwanza, tairi. Meno yake huisha upesi, na tairi lisilo na meno halishiki njia ya kilimani wakati wa mvua.

Pili, klachi. Pikipiki ya 125 cc haina nguvu nyingi, kwa hiyo ili tairi liteleze juu ya lami kavu, klachi hubanwa nusu na sahani zake huungua. Katika pikipiki nyingi za namna hii klachi imo ndani ya oili ya injini, basi unga wa sahani hizo huichafua oili yote.

Tatu, injini. Hupozwa na upepo wa mwendo. Pikipiki ikinguruma imesimama, joto hupanda, oili hupoteza uzito wake, na pistoni na silinda husagana.

Nne, mnyororo na gia. Tairi likishika ardhi kwa ghafula, hizo ndizo hupokea kishindo.

Usidhani jambo hili ni la vijana tu. Ukikwama matopeni na mikebe ya maziwa, ukazidi kuvuta mafuta, tairi huumia kidogo kwa kuwa tope ni laini, lakini klachi na injini huumia vile vile. Basi fanya hivi:

1. Teremka, ushushe mizigo.
2. Tia gia ya kwanza, vuta mafuta polepole, na mwenzako asukume.
3. Ukisikia harufu ya kuungua, zima injini ipoe.
4. Ukifika nyumbani, tazama oili, na uoshe mnyororo na kuupaka mafuta.

Mweleze haya kijana akupelekeaye maziwa, kabla hujamkabidhi ufunguo. Maziwa ya asubuhi hayamngoji fundi.